Kutumia Biodizeli Kwenye Gari la Dizeli la Kisasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine. Mwenye gari lenye chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo mafundi huliita DPF, asiache kusoma swali la 7. Mengine achague mwenyewe.

## Mambo ya msingi

1. Biodizeli ni kitu gani hasa?

Ni mafuta ya mimea au ya wanyama yaliyobadilishwa kikemia. Unachukua mawese, alizeti, mbono (jatrofa) au mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, unayachanganya na methanoli pamoja na kostiki soda au potashi kidogo, kisha unapasha moto wa wastani. Molekuli za mafuta huvunjika. Gliserini huzama chini, na juu hubaki kimiminika chepesi cha rangi ya dhahabu. Hicho cha juu ndicho biodizeli. Watengeneza sabuni watatambua viungo hivyo mara moja, na ndiyo maana biodizeli iliyopikwa vibaya huwa na sabuni ndani yake.

Namba inayofuata herufi B ni asilimia ya biodizeli kwenye mchanganyiko. B5 ina biodizeli asilimia 5 na inayobaki ni dizeli ya kawaida. B20 ina asilimia 20. B100 ni biodizeli tupu.

2. Kwa nini nisimimine mafuta ya kupikia moja kwa moja? Injini ya dizeli si ilianza na karanga?

Kisa cha karanga ni cha kweli. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, kampuni ya Otto ya Ufaransa iliendesha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta ya karanga. Rudolf Diesel mwenyewe alikisimulia mwaka 1912, akaeleza kwamba serikali ya Ufaransa ilikuwa inafikiria makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zilistawi. Ila injini za wakati ule zilizunguka polepole na hazikuwa na injekta za kompyuta.

Shida ni uzito wa mtiririko. Kwenye nyuzijoto 40, mafuta ya kula ni mazito takriban mara kumi kuliko dizeli. Injekta ya leo hupuliza dizeli kupitia vitundu vyenye kipenyo cha karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Mafuta mazito hayapuliziki humo kama ukungu, yanatoka kama matone. Matone hayaungui yote: kaboni hujijenga kwenye ncha za injekta, ringi za pistoni hunata, na oili huanza kuganda. Wabelgiji waliliona hilo mapema. Mwaka 1937 G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya kuyageuza mafuta ya mimea kwa alkoholi ili yafae kwenye injini, na mwaka 1938 basi lililotumia mawese yaliyogeuzwa hivyo lilibeba abiria kati ya Brussels na Louvain. Ubelgiji wakati huo ilikuwa na mawese tele kutoka Kongo.

3. Nimesikia kuna "dizeli ya mimea" inayoweza kuingia gari lolote. Ndiyo hii?

Hapana. Hiyo ni HVO, ambayo hutengenezwa kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta kwa kutumia hidrojeni badala ya methanoli. Inayotoka huko inafanana sana na dizeli ya kawaida, haina oksijeni ndani yake, na matatizo mengi yanayoelezwa hapa hayaihusu. Huwezi kuipika nyumbani. Kiwanda cha kukamulia mbegu kilichofunguliwa Makueni, Kenya, mwaka 2022 hupeleka mafuta yake Gela, Italia, kwa kazi hiyo. Malighafi inatoka kwetu, sheli zinazouza bidhaa ziko kwao.

4. Mbona siioni kwenye sheli za huku?

Kwa sababu haikulipa. Kati ya mwaka 2005 na 2010 hivi kulikuwa na pupa ya mbono: mashamba makubwa yalitafutwa Kisarawe, Kilwa na delta ya Tana, wanavijiji wakaahidiwa ajira na mbegu zikasifiwa kwamba zinastawi penye ukame. Zinaishi penye ukame, hilo ni kweli, ila hazizai vya kutosha bila maji na rutuba. Miradi mingi ilikufa, na mivutano ya ardhi ikabaki. Mafuta yaliyotumika ya hoteli, ambayo ndiyo malighafi ya busara zaidi, sasa yana wanunuzi wa nje wanaolipa vizuri.

Penye sera ya serikali mambo ni tofauti. Indonesia, yenye mawese yake, ilifika B30 mwaka 2020 na ikapandisha hadi B40 mwaka 2025. Brazil, yenye soya, ilifika B15 mwaka huohuo. Kwetu utakutana na biodizeli kwa wazalishaji wadogo, kwenye miradi ya mashule na mashamba, au kwa jirani mwenye mapipa.

## Gari lako

5. "Gari la kisasa" ni lipi?

Hapa ni lile lenye mfumo ambao mafundi huuita komoni reli: pampu husukuma dizeli kwenye reli moja kwa shinikizo la baa 1,600 hadi 2,500, na kompyuta ndiyo inayoamua injekta ifunguke lini na kwa muda gani. Mengi yana DPF pia. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haimo kwenye kundi hili. Pampu yake ni ya kimakanika, na inavumilia mengi. Mtu akikwambia "mimi natumia siku zote na halijawahi kunisumbua," muulize kwanza anaendesha injini gani.

Usikisie kama gari lako lina DPF, maana modeli ileile inaweza kuletwa ikiwa nayo au bila. Chungulia chini ya gari: ukiona mkebe mnene kwenye ekzosi wenye vipaipu viwili vyembamba vinavyokwenda kwenye kihisi cha shinikizo, ndiyo hiyo.

6. Gari langu linabeba B ngapi?

Jibu liko kwenye kitabu cha gari na upande wa ndani wa mfuniko wa tangi. Magari ya Ulaya yanakubali angalau B7, kwa sababu kiwango cha dizeli cha huko, EN 590, kinaruhusu hadi asilimia 7. Mapya yaliyouzwa huko tangu mwishoni mwa 2018 yana alama ya mraba iliyoandikwa B7 au B10. Japani, yanakotoka magari mengi ya mitumba, sheria ya ubora wa mafuta inaishia asilimia 5. Baadhi ya pikapu za Marekani zimeidhinishwa hadi B20.

Kama kitabu kimepotea au kimeandikwa Kijapani, chukua B5 kuwa mwisho wako. Hadi hapo hakuna cha kuhofia, hata kwenye gari lenye DPF, ilimradi biodizeli yenyewe ni safi (swali la 12). B20 kwenye gari lenye DPF ni kwa ruhusa ya mtengenezaji tu. B100 kwenye gari hilo siishauri kwa mtu yeyote, hata akiwa na fundi hodari.

7. DPF inaingiaje kwenye habari hii?

Hapa ndipo gari la zamani na jipya yanapoachana, na ndipo wengi wanapoumia bila kujua kilichowapata.

DPF hukusanya masizi, na ikikaribia kujaa lazima yachomwe. Kuyachoma kunahitaji joto la karibu nyuzi 600, ambalo ekzosi haifikii kwenye foleni ya Mbezi hadi Posta. Kwa hiyo kompyuta hufanya hila: hupuliza dizeli ya ziada ikiwa imechelewa, pistoni ikiwa tayari inashuka. Dizeli hiyo haikusudiwi kuungua ndani ya silinda. Inatakiwa itoke kama mvuke, iungue kwenye masega ya ekzosi, na joto lake lichome masizi.

Si yote inayotoka. Nyingine hugonga ukuta wa silinda, na ringi huikwangua kuishusha kwenye sampu, yaani beseni la oili chini ya injini. Dizeli ya kawaida huanza kuchemka kwenye nyuzi 180 hivi, kwa hiyo sehemu yake hupanda tena kama mvuke oili inapopata moto. Biodizeli karibu yote huchemka juu ya nyuzi 300. Ikishafika kwenye sampu, haitoki. Kila mzunguko wa kuchoma masizi unaongeza kidogo, na mizunguko inayokatizwa kwa sababu umefika nyumbani ukazima gari hurudiwa kesho yake. Oili inakuwa nyepesi, biodizeli iliyomo inachacha na kugeuka ute, ute unaziba chujio la pampu ya oili, na tabo ndiyo ya kwanza kulia njaa.

Cha ajabu ni kwamba DPF yenyewe inafaidika: biodizeli hutoa masizi machache, na masizi hayo huungua kwa joto dogo zaidi. Anayesema "DPF yangu iko safi" anasema kweli, lakini anaangalia mahali pasipo na tatizo. Baadhi ya injini, zikiwemo kadhaa za Toyota, zina injekta ya pekee kwenye ekzosi kwa kazi hii, na kwao oili haichafuki kwa njia hiyo.

8. Nitajuaje kama oili imeingiwa na biodizeli?

Kijiti cha kupimia oili kitaonyesha kiwango kinapanda wakati hujaongeza kitu. Hiyo ni dalili ya hatari, si baraka. Mazda za Skyactiv-D, ambazo zimejaa barabarani siku hizi, zina alama ya X kwenye kijiti juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika hapo, badilisha siku hiyohiyo. Kwenye gari lolote, ukivuka kiwango cha kawaida cha biodizeli, fupisha muda wa oili: kama ulizoea kilomita 10,000, shuka hadi 5,000. Na usitumie oili isiyo ya DPF kwa sababu ni rahisi.

9. Je, paipu na sili zitayeyuka?

Mpira wa asili na aina za zamani za mpira wa mafuta huvimba na kulainika kwenye biodizeli nyingi. Magari yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 mengi yana mipira inayovumilia. Mtego kwetu ni vipuri: gari ni la mwaka 2015, lakini paipu ya marejesho iliyobadilishwa mwezi uliopita ilikatwa kwenye bunda lisilo na jina. Shaba, shaba nyeupe, risasi na zinki nazo huharakisha biodizeli kuchacha, kwa hiyo usiweke koki ya shaba kwenye pipa lako.

10. Nimeanza kuitumia na gari limekosa nguvu. Biodizeli ni mbovu?

Huenda ni safi kupita kiasi. Biodizeli huyeyusha uchafu ulioganda kwenye tangi kwa miaka, na uchafu huo wote huishia kwenye chujio la dizeli. Badilisha chujio baada ya matangi mawili ya kwanza, na beba jingine garini. Likiziba tena na tena baada ya hapo, basi sasa shuku mafuta.

11. Itakula zaidi?

Kidogo. Lita ya B100 ina nishati pungufu kwa asilimia 8 hivi kuliko dizeli. Kwenye B20 tofauti ni asilimia 1 hadi 2, ambayo upepo wa tairi pekee unaweza kuificha. Kwa upande mwingine biodizeli inalainisha pampu vizuri sana. Dizeli ya salfa ndogo imepoteza ulainishi wake wa asili, na asilimia 2 tu ya biodizeli inaurudisha.

## Ubora, upishi na uhifadhi

12. Nitajuaje kama biodizeli niliyouziwa ni nzuri?

Omba cheti cha maabara kinachotaja kiwango cha Ulaya, EN 14214, au cha Marekani, ASTM D6751. Asiyekuwa nacho anaweza asiwe tapeli, ila mzigo wa kupima unahamia kwako.

Vipimo viwili vinafanyika bila maabara. Cha kwanza: chukua mililita 3 za biodizeli, changanya na mililita 27 za methanoli kwenye chupa safi, tikisa, subiri nusu saa. Ikiyeyuka yote, upishi ulikamilika. Yakibaki matone chini, kuna mafuta ambayo hayakugeuka. Cha pili: jaza nusu maji na nusu biodizeli, tikisa kwa nguvu, weka chini. Nzuri hujitenga haraka, maji yakabaki karibu safi. Ikibaki maziwa au utando mzito katikati, kuna sabuni.

Vipimo hivyo havioni kila kitu. Sodiamu na potasiamu zinazobaki kutokana na upishi hugeuka majivu ndani ya DPF, na majivu hayaungui hata gari likikimbia kutoka Dar hadi Tunduma. Kiwango cha Ulaya kinaruhusu miligramu 5 tu kwa kilo kwa madini hayo mawili pamoja, na jicho haliwezi kuziona. Ndiyo sababu kwenye gari la DPF mimi sikubali kipimo cha chupa peke yake.

13. Naweza kujipikia nyumbani?

Kupika si kugumu. Lita 100 za mafuta huhitaji takriban lita 20 za methanoli. Kugumu ni kupika kwa ubora uleule kila mara, kuosha sabuni yote na kukausha maji yote. Mafuta ya chipsi ya leo na ya kesho hayana asidi sawa, na ukitumia kostiki kwa mazoea badala ya kupima, unapata pipa la sabuni.

Methanoli ni sumu. Kiasi kidogo kikinywewa hupofusha au kuua, inapenya kwenye ngozi, na mvuke wake huwaka kwenye joto la kawaida la chumba. Mwali wake karibu hauonekani mchana. Usiipikie jikoni, usiihifadhi kwenye chupa ya maji ya kunywa, na watoto wasiwe karibu. Kwa jenereta ya shamba au trekta la zamani naona faida ya kujipikia. Kwa gari la komoni reli, seti moja ya injekta itameza akiba yako yote.

14. Inakaa muda gani bila kuharibika?

B100 itumie ndani ya miezi minne, B20 ndani ya sita, na kwenye joto la pwani punguza hapo. Inachacha kwa hewa, mwanga na joto, na inavuta maji kuliko dizeli. Mahali maji yanapokutana na mafuta ndipo bakteria na kuvu hustawi. Jaza chombo hadi juu, kifunike vizuri, kiweke kivulini. Harufu ikiwa kali kama rangi ya mafuta, usiitie garini.

## Hali za pembeni

15. Naishi sehemu ya baridi. Itaganda?

Inategemea imetokana na nini. Biodizeli ya mawese au ya mafuta ya ng'ombe huanza kutoa ukungu wa nta kwenye nyuzi 13 hadi 16. Dar es Salaam au Mombasa hutajua, lakini Njombe, Makete au Limuru mwezi Julai B100 ya mawese itaziba chujio asubuhi. Ya alizeti au soya huvumilia hadi karibu na sifuri. Kwenye B5 suala hili karibu halipo.

16. Basi niilainishe kwa mafuta ya taa?

Usifanye. Mafuta ya taa hayalainishi pampu ya komoni reli, na kuyachanganya na mafuta ya magari kunakuingiza kwenye kosa la uchakachuaji. Ongeza dizeli ya kawaida.

17. Wakaguzi wakipima vinasaba, nitaonekana nimechakachua?

Inawezekana. Tanzania imekuwa ikiweka vinasaba, yaani kemikali za alama, kwenye mafuta tangu 2010, na kipimo huangalia wingi wake. Biodizeli haina vinasaba, kwa hiyo mchanganyiko mkubwa unavipunguza, na mashine haijui nia yako. Anayetaka kuuza mchanganyiko aanze na leseni ya mdhibiti wa nishati: EWURA kwa Tanzania, au EPRA kwa upande wa Kenya. Mwenye gari la biashara atunze risiti na cheti cha biodizeli aliyonunua.

18. Gari linakaa wiki nyingi bila kutembea, kama basi la shule wakati wa likizo. Nifanyeje?

Tangi la mwisho kabla ya kuliegesha liwe dizeli tupu, na liwe limejaa. Sababu ziko kwenye swali la 14.

19. Moshi unapungua kweli?

Kwenye injini za zamani, ndiyo. Mapitio ya shirika la mazingira la Marekani, EPA, ya mwaka 2002 yalikuta B100 ikipunguza chembe za moshi kwa asilimia 47 na kaboni monoksaidi kwa 48, huku oksidi za naitrojeni zikipanda kwa 10. Kwenye gari lenye DPF nzima chembe zilikwisha kunaswa, kwa hiyo usitarajie kuona tofauti. Kinachobaki ni hoja ya kaboni, nayo inategemea mafuta yalitoka wapi. Ya kikaango yaliyokuwa yamwagwe mtaroni yana hoja nzuri. Mawese ya msitu uliofyekwa hayana.

20. Nimejaziwa B100 bila kujua na gari lina DPF. Limekufa?

Halijafa. Kama hujawasha, toa mafuta yote na ujaze dizeli. Kama umeshatembea na tangi limefika nusu, jaza dizeli hadi juu, rudia kila linaposhuka robo, na mchanganyiko utapungua haraka. Endesha barabara kuu kwa nusu saa bila kusimama ili uchomaji wa masizi usikatizwe. Pima oili asubuhi inayofuata, gari likiwa tambarare na limepoa. Kama imepanda, imwage pamoja na chujio lake. Chujio la dizeli libadilishwe wiki hiyohiyo. Taa ya injini ikiwaka katikati ya haya, mwambie fundi ukweli kuhusu kilichomo kwenye tangi kabla hajaanza kukuuzia injekta.